Uzi Chini ya Ulimi

Jumatatu Bobini aliamka na shingo isiyo yake.
Juzi ilikuwa nyembamba kama mkono wa shati la mtoto;
leo imejaa chini ya taya, laini, ya moto,
kana kwamba mtu ameshonea mto mdogo ndani ya ngozi
akasahau kuacha tundu la kugeuzia.

Kibanda chetu kiko Kariokor,
mlango wa tatu kutoka kwa washona viatu.
Paka huyu tulimwajiri kwa ajili ya panya:
panya wa hapa hawagusi kitenge cha bei rahisi.
Mshahara wake ni vichwa vya samaki
na kitanda juu ya kapu la vipande.

Kila mpita njia alikuwa na cheti cha udaktari.
Syombua wa vyondo: "Matubwitubwi hayo. Mpake masizi."
Mchonga funguo: "Nyuki."
Mchoma mahindi: "Jino limeoza. Huyo ni mzee."
(Bobini ana miaka miwili.)
Mwingine akashusha sauti, akamtaja jirani yangu.
Nikamwambia jirani yangu ana madeni,
hana nafasi ya kuroga paka.

Bobini hakujitetea.
Alikaa mbele ya omena, akainusa,
akajaribu kumeza mate, mate yakamshinda,
yakaning'inia kidevuni.
Akitaka kulia mdomo ulifunguka,
sauti ikabaki huko nyuma.

Sasa niseme la sindano.

Ijumaa ilipotea ile ndefu ya vifungo,
ikiwa na uzi mwekundu wa majoho ya kwaya.
Nilimgeukia Otuoma, mwanafunzi wangu.
Nilimwambia mkono wake una matundu.
Nikamkata shilingi ishirini mbele ya wateja,
na ishirini nyingine za ile iliyopotea mwezi wa tano.
Hakujibu. Alikanyaga cherehani
hadi ikawa mvua ya mawe juu ya mabati.

Ni yeye aliyempanua Bobini mdomo,
taa ya simu mkononi. "Fundi, tazama hapa."
Chini ya ulimi, kama mshipa uliokosea njia,
uzi mwekundu.

Vidole vyangu vilikuwa vimeshaufikia.
Miaka thelathini na mmoja;
uzi ukijitokeza mimi nauvuta, sifikirii.
Otuoma akanikamata kifundo cha mkono,
mimi, mwenye kibanda:
"Usivute. Hujui upande wa pili umeshika nini."

Kabete tulifika saa saba, kapu magotini.
Daktari Jelimo alipiga picha ya ndani
akatuinulia dirishani:
mifupa midogo kama meno ya zipu,
na katikati yake, imenyooka, haina haya,
sindano yangu.
Ilikuwa imetoboa nyuma ya koo. Usaha uliifuata.
"Mngeuvuta uzi," alisema, akaenda kunawa mikono,
akaiacha sentensi hapo, bila pindo.

Alikata, akakamua, akatoa, akaosha.
Mimi nilitazama mshono tu, ndiyo kazi ninayoijua:
hatua sawa, mafundo matatu matatu, hakubana,
aliacha upenyo wa uchafu kutokea.
Ningemwajiri.

Kurudi, nilikuwa na neno.
Lilipanda hadi hapa, chini ya taya, likavimba.
Otuoma aliangalia nje,
Bobini amelewa dawa mapajani mwake.
Neno halikutoka Westlands. Halikutoka Ngara.

Jioni niliweka shilingi arobaini
chini ya kifuko chake cha pini.
Asubuhi nikakuta ishirini juu ya cherehani yangu,
zimefungwa kwa kipande cha kitambaa cheusi,
na maandishi ya chaki:
*Ile ya mwezi wa tano ni mimi kweli.*

Bobini alikuwa chini ya meza, analamba mchuzi,
anasita, anameza, anasita.
Nilitafuta kifuniko cha kopo la sindano,
nikakipata kimeshikilia mguu wa meza usiyumbe.
Nikakichomoa. Nikafunga kopo.
Meza na iyumbe.